Vichupa Vinne vya Klorokwini

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Maabarani, kuanzia Profesa mwenyewe hadi mfagiaji, wote walimwita Bi Shaka, naye alikuwa ameshachoka kununa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye miwani aliyoifunga uzi nyuma ya shingo. Chupa yoyote aliinusa kabla ya kuifungua na akainusa tena baada ya kuifungua. Ukimwambia maji yamechemka, anakwenda kuyatazama. Ukimwambia umeshayatazama wewe, anakuuliza saa ngapi.

Hakuzaliwa hivyo. Aliingia katika jengo lile akiwa msichana wa kuosha vyombo vya vioo, akajifunza kazi nyingine kwa kuiba kwa macho. Mwaka wake wa sita, mtafiti mmoja alichanganya chupa mbili, akaharibu kazi ya miezi minane, kisha akasema kosa ni la yule msichana wa vyombo, ndiye aliyebandika lebo vibaya. Wiki tatu zilipita kabla ukweli haujajulikana, na katika wiki hizo hakuna aliyekaa naye meza moja. Mtafiti aliomba radhi kwa barua ya mistari miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Bi Shaka tangu hapo aliishi katikati ya nyasi.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kupima jinsi seli inavyojila. Usishangae, seli hujila kweli. Ikishikwa na njaa, au ikijaa vitu vilivyochakaa, huvifunga vitu hivyo ndani ya vifuko vidogo mno, ikavipeleka vifuko mahali penye tindikali, vikasagwa, na kinachopatikana kikatumika upya. Seli isiyojila hujaa takataka zake yenyewe. Profesa aliamini kwamba baadhi ya magonjwa ya uzeeni, hasa yale ya kusahau, yana mkono wa takataka hizo, na miaka kumi na mmoja alikuwa akitafuta dawa ya kuziamsha seli zile zijile kwa bidii.

Sasa, mambo haya hayaonekani kwa macho. Kwa hiyo Bi Shaka alizilea seli kwenye visahani, akazilisha, akazibadilishia maji, na nyingine akazinyima chakula kwa saa kadhaa kwa makusudi. Kisha alizipasua, akazipitisha kwenye jeli kwa umeme, akazihamishia kwenye utando mweupe, akauosha utando huo kwa kingamwili inayoitafuta protini moja tu, ile inayojibandika kwenye kuta za vifuko. Mwisho wa safari hiyo ya siku mbili ilitoka picha yenye mistari myeusi. Mstari mnene, vifuko vingi. Mstari mwembamba, vifuko vichache. Hivyo ndivyo wageni walivyoelezwa walipotembelea, wakatikisa vichwa na kwenda zao. Bi Shaka alijua maelezo hayo yana tundu, lakini mgeni gani angemuuliza yeye?

Ndipo alipokuja Daktari Mdogo.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, ametoka kumaliza shahada yake ya juu, mpole, mwenye daftari jekundu na viatu visivyo na mlio. Jambo hilo la viatu lilimkera Bi Shaka tangu siku ya kwanza. Mtu anayeingia chumbani bila kusikika anataka nini? Binti alikuja na unga wa gome la mti aliokuwa akiuloweka na kuuchuja mwenyewe, akapata maji ya rangi ya chai nyepesi. Maji hayo aliyaweka kwenye kisanduku chenye kufuli ndani ya friza, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Shikamoo, Mama," alisema kila asubuhi.

"Marahaba. Mbona unafunga?"

"Ni kidogo sana, Mama. Yakimwagika nimekwisha."

Jibu lilikuwa zuri. Bi Shaka hakupenda majibu mazuri.

Mwezi wa pili picha ya kwanza ikatoka, na mstari wa seli zilizopewa maji ya gome ulikuwa mnene kama kidole kilichochovywa kwenye wino. Wakarudia, ukatoka vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Profesa aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akawaita watu wa chumba cha pili, wakapiga makofi. Siku hiyohiyo aliandika muhtasari wa hotuba kwa ajili ya mkutano mkubwa wa wataalamu: gome lao linaamsha seli kujila.

Bi Shaka naye alipiga makofi, ila mawili tu. Alikuwa amemuuguza mama yake hadi mwisho, na miaka miwili ya mwisho mama alimwita "dada wa hospitali". Hakuna mtu katika jengo lile aliyeitaka dawa hiyo iwe ya kweli kuliko yeye, na kwa sababu hiyohiyo aliiogopa. Tena kulikuwa na mstari wa pili. Ipo protini nyingine inayobeba takataka na kuingia nazo kifukoni, ikasagwa pamoja nazo. Seli zikijila sawasawa, mstari huo hufifia. Kwenye picha za binti haukufifia. Ulikuwa umenenepa nao. Bi Shaka alipomwonyesha, binti aliutazama muda mrefu, akafunga daftari jekundu, akasema, "Nitaangalia, Mama." Akaondoka kwa viatu vyake visivyo na mlio.

Jumatatu iliyofuata Bi Shaka alifungua friza kutafuta kitu kingine, macho yakaangukia kwenye vichupa vya klorokwini. Ni dawa ileile ya zamani ya malaria, lakini maabarani ina kazi nyingine: huzima tindikali ndani ya seli, vifuko vikafika na visisagwe, vikabaki vimerundikana. Alikuwa amegawa vichupa ishirini kwa mkono wake, akatumia viwili. Vilikuwepo kumi na vinne.

Akahesabu tena. Akatoa kila kitu kwenye rafu ile, akapangusa barafu, akahesabu mara ya tatu. Vichupa vinne vilikuwa vimeondoka bila kuaga.

Kwani klorokwini huufanya nini mstari? Huunenepesha. Na nani ana kisanduku chenye kufuli? Na nani aliyefumba mdomo alipoonyeshwa mstari wa pili? Kikulacho ki nguoni mwako. Binti alikuwa anatia klorokwini ndani ya maji ya gome, na dunia nzima ilikuwa inakaribia kupigia makofi dawa ya malaria iliyotiwa rangi ya chai.

Tangu siku hiyo Bi Shaka aliacha kula mchana. Alikaa chumba cha kuoshea vyombo, mlango wazi kiasi cha upana wa jicho. Jumanne alimwona binti akiingia chumba cha seli wakati wenzake wamekwenda kula, akafunga mlango kwa ndani. Jumatano hivyohivyo. Alipotoka, Bi Shaka aliingia, akafungua kabati la joto, na kule chini kabisa, nyuma ya trei ya maji, akakuta visahani vinne visivyo na jina wala tarehe, vimewekwa nukta za wino: moja, mbili, tatu, nne. Katika maabara ile kisahani kisicho na jina kilikuwa kama mtoto asiye na mwenyewe. Hakuvigusa. Alifunga kabati taratibu kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Jioni alimsimulia mdogo wake, mshonaji, aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wawe wajane. Mdogo wake alikuwa anapinda suruali, pini mdomoni.

"Umeanza tena, Dada."

"Sijaanza. Nimehesabu."

"Wewe hata kivuli chako ukikiona kinakufuata unakiuliza kinakwenda wapi."

"Sikiliza kwanza. Ukitoka nje ukakuta mifuko ya taka imerundikana mpaka kwenye geti, utasema nini?"

Mdogo wake akatoa pini. "Nitasema gari la taka halijapita."

"Profesa anasema watu wamefanya usafi mkubwa."

"Haa! Inaweza kuwa hivyo pia."

"Ndiyo. Rundo ni lilelile. Utajuaje?"

Mshonaji alifikiri, suruali mapajani. "Nitazuia gari kwa makusudi. Kama watu kweli wanasafisha sana, rundo litazidi la siku ya kawaida ambayo gari halikuja. Kama rundo linabaki vilevile, basi hakuna aliyesafisha zaidi. Gari ndilo tatizo tangu mwanzo."

Bi Shaka alimtazama kwa mshangao. Ilimchukua mwenyewe miaka minne kuelewa jambo hilo. Lakini mdogo wake aliinua kidole chenye kastabini. "Hilo ni la taka. La binti wa watu ni lingine. Umemwona akitia?"

"Nimeona vichupa havipo."

"Basi umeona vichupa havipo."

Alhamisi Bi Shaka alifanya alichopaswa kufanya. Binti alikuwa ametupa kichupa chenye matone machache ya maji ya gome, naye Bi Shaka akakiokota kwenye pipa. Akaandaa visahani vinne vyake: cha kwanza hakikupewa kitu, cha pili maji ya gome, cha tatu klorokwini ya kiasi cha kuziba kabisa, cha nne vyote viwili. Ijumaa mchana picha ikatoka. Mstari wa cha pili ulikuwa mnene. Wa cha tatu, mnene. Wa cha nne, kilichopewa vyote, haukuzidi wa cha tatu hata kwa unywele. Maji yale hayakuwa yanaamsha chochote. Yalikuwa yanaziba, sawasawa na klorokwini.

Hakungoja hata picha ipoe. Alibisha ofisini kwa Profesa, akaweka mezani picha, orodha ya vichupa, na orodha ya saa za mchana ambazo mlango ulifungwa kwa ndani.

Profesa alisoma polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache, na rangi yake ilipobadilika ilianzia masikioni. "Una uhakika, dada yangu?"

"Nina hesabu, Profesa."

"Hii ni kazi ya mtu. Ni maisha yake."

"Na mimi nilikuwa na maisha yangu siku ile ya chupa mbili."

Profesa alimwita binti.

Daktari Mdogo aliingia, akaiona picha, na kabla hajaambiwa neno akaketi bila kukaribishwa. Profesa alimweleza yote, sauti yake ikiwa kavu. Binti aliinamisha kichwa. Bi Shaka alijiambia: ndio huyo, amekamatika. Alitarajia kufurahi, lakini alijikuta akiisoma upya orodha yake.

"Vichupa nilichukua mimi," binti alisema.

Kisha akainuka, akatoka, akarudi na daftari ambalo hawakuwahi kuliona, la jalada la buluu, akalifungua mbele ya Profesa. Tarehe, saa, vichupa vinne, kila kimoja kimeandikwa kilipotumika. Visahani vya nukta moja, mbili, tatu, nne. Kisichopewa kitu, maji ya gome, klorokwini, vyote viwili. Alikuwa ameurudia mara tatu mtihani uleule ambao picha yake ilikuwa mezani, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

"Mama aliponionyesha mstari wa pili sikulala," alisema. "Dawa yetu haiziamshi, Profesa. Inaziba. Nilitaka kuwa na uhakika kabla sijasema, kwa sababu nyote mlikuwa mmeshapiga makofi."

"Kwa nini kwa kujificha?" Profesa aliuliza.

Binti alimgeukia Bi Shaka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ningemwomba nani klorokwini? Mama ananitazama kama mwizi tangu niliposhusha begi langu hapa. Nikajiuliza, labda yeye ndiye anayekosea. Labda seli zake zimezeeka, labda lishe imeharibika, halafu lawama inakuja kwangu. Nikazilea za kwangu kwa mkono wangu, asizione."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wakiviziana kama paka na panya, kila mmoja akijiona ndiye paka.

Mwingine angeomba radhi palepale. Bi Shaka alivuta daftari la buluu, akapitisha kidole juu ya wino, akakigeuza akakitazama. Daftari linaweza kuandikwa kwa siku moja. Na maji ya gome kama yametiwa klorokwini yataziba vilevile, liandikwe daftari lisiandikwe. "Hili halithibitishi kitu," alisema. Binti alifumba macho.

"Kweli," Profesa alisema. "Wala hesabu yako haithibitishi. Tutafanya upya."

Walifanya upya kwa siku sita. Unga mpya wa gome uliletwa kwenye bahasha iliyofungwa, ukalowekwa na kuchujwa juu ya meza moja, macho sita yakitazama. Klorokwini ikahamishiwa kwenye friza ya Profesa mwenyewe. Yeye ndiye aliyejaza vichupa vyote, akaviandika namba tu, na maana ya namba akaifungia kwenye droo yake. Binti akachukua seti moja na Bi Shaka nyingine, vyumba viwili tofauti, wasisemezane.

Zaidi ya ile jeli, Profesa aliongeza kipimo cha hadubini. Walikuwa na seli zilizotengenezwa ili vifuko vyake viwe na rangi mbili, kijani na nyekundu, na zikiwa pamoja huonekana njano. Kifuko kikifika kwenye tindikali, kijani huzimika na nyekundu hubaki. Seli zilizonyimwa chakula zilijaa nukta nyekundu kama kawaida. Kwenye namba saba Bi Shaka aliona nukta njano tupu, mamia kwa mamia, zimesongamana zisiende mbele wala nyuma. Namba tisa, njano vilevile. Hakujua ipi ni gome na ipi ni klorokwini, na alipojikuta akikodoa macho ili akisie, akajilazimisha kuhesabu tu.

Siku ya saba asubuhi Profesa alifungua droo. Namba saba ilikuwa gome. Namba tisa klorokwini. Picha za vyumba viwili zililingana, mstari kwa mstari. Gome jipya, safi, ambalo hakuna mkono ulioligusa pasipo shahidi, lilikuwa linaziba.

Bi Shaka alivua miwani. Kuhusu mstari alikuwa amesema kweli, kuhusu binti alikuwa amekosea, na hakuna hesabu ambayo ingelifuta la pili kwa la kwanza. Alimfuata binti kwenye sinki, alikokuwa akivua glavu.

"Nimekukosea, mwanangu. Nimekuita mwizi mbele ya mkubwa wako."

Binti aliosha mikono, akaipangusa kidole kimoja kimoja. "Nimesikia, Mama," alisema. Hakusema zaidi, na Bi Shaka hakudai zaidi, maana alikumbuka jinsi alivyoisoma barua ile ya mistari miwili na kuikunja bila kujisikia kitu.

Profesa aliandika kuondoa hotuba yake mkutanoni. Wiki nzima alitembea koridoni kama mtu aliyefiwa, kisha akakaa na binti, wakaanza kuandika upya kwa unyenyekevu: gome hili linazuia seli kumaliza kujila, na hiki ndicho tulichofanya kujua. Kwenye maandishi hayo majina yalikuwa matatu. Bi Shaka alipoliona jina lake halisi, lile la kitambulisho, alimwita Profesa pembeni na kumuuliza kama amekosea. Profesa akamwambia aende akafanye kazi. Tangu hapo ilikuwa sheria kwamba hakuna anayesema seli zinajila kwa kuona mstari mmoja. Kwanza zizibwe njia, ndipo rundo lipimwe.

Nyumbani mdogo wake alicheka mpaka akaweka sindano chini. Bi Shaka hakucheka. "Ulisema," alimwambia tu, akaenda kufua koti lake la kazini.

Miezi miwili Daktari Mdogo alimsalimu kila asubuhi kwa adabu kamili na hakuongeza neno. Mchana alikula meza nyingine. Bi Shaka alimwacha. Tabia yake haikumwisha. Mara mbili alijikuta akisimama mlangoni kuhesabu hatua za binti, na mara mbili akajirudisha kwenye sinki kwa kujikemea.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, binti alisimama kando yake na picha mkononi. Lilikuwa gome la mti mwingine. Mstari wa kwanza ulikuwa mnene, na wa pili ulikuwa umefifia vizuri, vizuri mno.

"Mama," alisema, "hii siiamini."

Bi Shaka aliitazama, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha kama ilivyokuwa. Kisha akavuta kiti cha pili kutoka chini ya meza.

"Mimi pia siiamini," alisema. "Kaa. Nieleze kuanzia ulipozilisha seli."